Ngoja Bei Ishuke? Cheki Kwanza Historia ya Projekta

Kila mse anayetaka projekta huambiwa kitu moja: "Tulia, hivi vitu hushuka bei." Ni kweli, lakini nusu tu.

Turudi 2004. Sony walikuwa wanauza Qualia 004, projekta ya nyumbani ya 1080p, kwa dola 30,000 hivi kule Marekani. Hiyo ni pesa ya gari. 2005 wakaleta VPL-VW100 kwa dola 10,000, na mwaka uliofuata VPL-VW50 kwa 5,000. 2009 Optoma wakatoa HD20 kwa 999. Miaka mitano tu!

Sasa chukua rula uvute huo mstari mbele. Ungeapa kwamba kufikia 2012 projekta zitakuwa zinapeanwa bure. Haikuwa hivyo. Hadi leo, 1080p ya ukweli kutoka kampuni inayojulikana bado inataka mamia ya dola.

Sababu ni hii. Kilichofanya zile za kwanza ziwe ghali sana ni chipu ya picha. Kiwanda kikianza kutengeneza chipu mpya, nyingi hutoka na kasoro. Kikishazoea, nzuri zinaongezeka na bei inaporomoka. Lakini lenzi, taa, feni na nauli ya meli haziporomoki hivyo. Bei inagonga sakafu.

Ikigonga, kampuni zinaanza ngazi upya juu zaidi. Sony walileta VPL-VW1000ES ya 4K kwa dola 25,000 hivi, na kufikia 2018 BenQ HT2550 ilikuwa 1,500. Lakini cheki vizuri: hiyo ya BenQ haina pikseli zote za 4K kwenye chipu yake. Inasogeza picha mara nne, haraka kuliko jicho linavyoweza kunasa. Kwa hivyo bei ilishuka, lakini pia kilichouzwa kilibadilika.

Halafu kuna shilingi yetu, ambayo hao watabiri wa ng'ambo hawaihesabu. Mwisho wa 2022 dola ilikuwa kama 123. Januari 2024 ikafika karibu 160. Projekta ya dola 1,000 ilitoka 123,000 ikaenda 160,000 kabla hata ya ushuru, na kiwandani hakuna aliyegusa bei. Miezi michache baadaye shilingi ikarudi karibu 130. Aliyengoja mwaka mzima akitegemea teknolojia ishuke, alichezwa na dola.

Kwa hivyo utabiri wangu ni huu: kitu kikiwa kipya kabisa, ngoja miaka mitatu au minne, kitashuka tu. Kikishafika sakafu, kama 1080p sasa, kungoja hakukusaidii. Na kama unataka kufungua kibanda cha kuonyesha mechi mtaani, kila wikendi unayongoja ni viingilio umepoteza.

Ila usikimbilie zile za bei ya kutupa zilizoandikwa "inakubali 1080p". Kukubali ni kupokea hiyo video tu. Ndani, nyingi zina pikseli 800 kwa 480, na wateja wako hawataona hata namba mgongoni mwa mchezaji. Uliza pikseli zake halisi ni ngapi kabla utoe doo.

Wewe ungenunua saa hii ama ungengoja?