Apnia: kusita kwa pumzi

Apnia ni neno la kitabibu lenye asili ya Kigiriki. Hutaja hali ya hewa kuacha kuingia na kutoka mapafuni kwa muda. Kwa mtoto njiti huhesabiwa kuanzia sekunde 20, au chini ya hapo ikiwa mapigo ya moyo yanashuka au oksijeni inapungua. Kwa mtu mzima aliyelala, kipimo ni sekunde 10.

Tuiiteje? Ukitangaza uani, pale Ng'ambo, Tabora, kwamba mtoto amekata pumzi, majirani watakuja na vilio. Kubana pumzi nako ni hiari ya mtu. Kusita kunafaa zaidi: kilichosita hutarajiwa kuendelea.

Amri ya kupumua hutoka kwenye shina la ubongo. Kabonidioksaidi ikizidi damuni, shina hilo huharakisha pumzi. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda pwani na mzigo wa frasila mbili alitweta mlimani bila kuamua kutweta. Kwa njiti, shina hilo halijakomaa: hewa chafu hupanda, amri haiji, kifua kinatulia tuli, midomo inaanza kuwa ya buluu. Muuguzi humsugua mgongo au nyayo, na mara nyingi pumzi hurudi. Hutumika pia kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo cha daktari. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa njiti waliopewa dawa hiyo waliachishwa mashine za kusaidia kupumua mapema zaidi.

Kwa mzee anayekoroma, mambo ni mengine. Amri inafika na kifua kinahangaika, lakini ulimi na nyama za koo zimelegea na kuziba njia. Mkoromo hukatika ghafla, kisha mzee hushtuka akivuta hewa kwa kishindo. Asubuhi huamka na uchovu, na presha yaweza kupanda.

Hivyo istilahi yetu iwe na sehemu mbili: kusita kwa pumzi, kisha sababu. Kwa njiti ni kusita kwa kukosa amri, ingawa naye koo lake laweza kuziba. Kwa mkoromaji huyu ni kusita kwa kuziba koo. Mama anayempeleka mwanawe Hospitali ya Kitete, au mke anayemsindikiza mumewe, atasaidia sana akiweza kujibu swali moja: pumzi iliposita, kifua kilikuwa kinacheza?