Gari Kuukuu kama Hati: Vipuri vya Asili na Viraka vya Mafundi mjini Goma

Mwanahistoria amezoea kutafuta ushahidi katika nyaraka na masimulizi. Ni nadra kuutafuta chini ya boneti. Hata hivyo, gari lililotumika miaka mingi katika mji kama Goma, Kivu ya Kaskazini, laweza kusomwa kama hati iliyoandikwa na mikono mingi. Kazi ya kwanza ya msomaji wake ni kutenganisha kilichotoka kiwandani na kilichoungwa baadaye.

Land Rover ni mfano mzuri. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilipoitoa mwaka 1948, chuma kilipatikana kwa mgao baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi iliundwa kwa aloi ya alumini. Hivyo uchunguzi waweza kuanza kwa sumaku: ikinata kwenye madigadi, kiraka hushukiwa. Lakini kanuni hii ina mtego. Kuanzia mwaka 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp iliunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo wakati huo, na bodi zake zilikuwa za chuma tangu kiwandani. Asiyeijua historia hiyo atakihesabu kipuri cha asili kuwa kiraka.

Viraka navyo vina historia yake. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa biashara na mashamba ya wageni, yakabidhiwe raia wa Zaire. Biashara nyingi zikaporomoka. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia mwaka 1974, fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri pamoja nazo. Watu wakabaki na kile walichokiita kwa kejeli Kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe.

Chukudu, chombo cha mbao cha kubebea mizigo kinachohusishwa na miaka hiyo ya sabini, kinaonyesha matokeo yake. Magurudumu yake huvishwa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu la gari. Takataka ya gari imekuwa kipuri cha asili cha chukudu, na sanamu ya chombo hicho imesimama katika mzunguko wa barabara mjini Goma.

Kwa hiyo uasilia haumo katika kipande chenyewe, bali katika uhusiano wake na historia. Anayeng'oa kila kiraka ili kulirudisha gari katika hali ya kiwandani hufuta ushahidi wa miaka ambayo mafundi ndio waliolifanya liendelee kutembea.