Mishumaa ya Wadenmaki

Wadenmaki wana neno lao, hygge: kuketi pamoja bila haraka, mishumaa ikiwaka, kahawa mezani. Tusidhani ni anasa tu. Desemba kwao jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Tena twaona kuridhika huko kulikomaa katika hasara: mwaka 1814 walipoteza Norwei, lilikotoka neno lenyewe, na mwaka 1864 Schleswig na Holstein. Mchungaji Grundtvig, Mlutheri mwenzetu (ingawa wakubwa wa kanisa walimwona msumbufu), alikuwa amehimiza wakulima wathaminiwe, kwa wimbo na mazungumzo. Shule ya kwanza ya fikra zake, iliyofunguliwa Rødding mwaka 1844, ikajikuta chini ya Prussia. Mwaka 1865 kazi yake ikahamia Askov, upande wa Denmaki, na vijana wa wakulima wakaendelea kuketi na kuimba.