Barua za Babu na mwandiko wa Humboldt

Wadau, nimepotea wiki mbili, majaribio yalinibana kweli kweli. Leo naandika kuhusu mwandiko.

Babu yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwandiko wake ungedhani umepigwa chapa. Tangu nianze chuo ananiandikia barua. Mwaka jana herufi zikaanza kusinyaa: mstari unaanza vizuri, ukifika mwisho ni kama sisimizi wamepita. Nyumbani tukacheka, eti mzee anabana karatasi. Wengine wakasema ni uzee tu.

Mwezi wa tatu nilikuwa maktaba natafuta habari za Wilhelm von Humboldt kwa kazi ya historia ya elimu. Huyu ndiye Mjerumani aliyeasisi chuo kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa 1810. Nikakuta jambo ambalo darasani halikutajwa. Baada ya mkewe Caroline kufariki 1829, mwili ulizidi kumgomea. Katika barua zake alieleza mwenyewe kwamba anaanza na herufi kubwa, halafu zinapungua bila yeye kutaka. Naye aliamini ni uzee! Alifariki 1835.

Kinachouma ni kwamba tayari mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa London, alikuwa amechapisha insha kuhusu wagonjwa sita wa kutetemeka, baadhi aliwaona barabarani tu, akataja na shida ya kuandika. Baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Chanzo kilieleweka karne ya 20: chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa, na miendo ya mwili inakuwa midogo na mizito. Dawa ya levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, haiponyi ila inampa mgonjwa nafuu.

Usiku ule ule nikampigia mama simu. Babu akapelekwa hospitali, daktari akathibitisha, dawa ameanza. Mimi nikamtumia daftari la mistari mipana kama la watoto, maana mistari husaidia mkono kutunza ukubwa wa herufi.

Jana barua imefika. "Mwalimu mwenzangu," ameandika, "umenirudisha darasa la kwanza." Nimeisoma mpaka mwisho bila kukodoa macho.

Jamani, mkiona mwandiko wa mzee wenu unapungua, msicheke kama sisi. Haya, kesho semina saa mbili. Alamsiki.