Namba ya Beji Haitoshi: Kuusoma Umri wa Snea za Ludwig

Wanunuzi wengi wa ngoma za snea za zamani za Ludwig hukimbilia beji, wakalinganisha namba yake na majedwali ya wakusanyaji, kisha wakatangaza mwaka. Njia hiyo haitoshi, na historia ya kampuni yenyewe inaeleza kwa nini. Ludwig ilianzishwa Chicago mwaka 1909 na ndugu wawili, William na Theobald. Mwaka 1929 iliuzwa kwa kampuni ya Conn. Baadaye William akajitenga na kufungua kampuni mpya mwaka 1937, akitumia herufi za kwanza za majina yake, WFL, kwa sababu jina la ukoo wake halikuwa tena mali yake. Alilinunua tena mwaka 1955. Basi beji ya WFL haiwezi kuwa ya kabla ya 1937, muuzaji aape asiape. Namba za beji zilianza mwishoni mwa 1963 tu, miezi michache kabla mpiga dramu Ringo Starr hajaonekana kwenye televisheni ya Marekani, Februari 1964, akipiga dramu zenye jina la Ludwig. Maagizo yakafurika. Katika pilikapilika hizo mafundi waliokota beji bila kufuata mpangilio, ndiyo maana ngoma za mbao zilizogongwa tarehe kwa wino ndani mara nyingi hazipatani na namba zake.

Watetezi wa namba watasema kwamba huo ndio ushahidi ulioandikwa, na maandishi ni bora kuliko makisio. Lakini beji imebanwa na kipete cha tundu la hewa tu; hung'olewa na kupachikwa kwenye ngoma nyingine. Mwili wa ngoma ni mgumu zaidi kughushi. Chukua Supraphonic 400, yenye upana wa inchi 14 na kina cha inchi 5. Za mwanzo zilikuwa shaba ya manjano iliyopakwa kromu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alumini ilikuwa imeshika nafasi yake. Sumaku haizitofautishi, kwa kuwa haikamati hata moja. Uzito unazitofautisha, na pia ngozi ya kromu: juu ya alumini huota vipele vyeupe, ikavimba na kubanduka. Ndiyo maana ile ya shaba, iliyo nzito na adimu, huuzwa ghali zaidi.

Wapo wapigaji wanaosema sauti ndiyo thamani. Kwa mpigaji, sawa kabisa. Supraphonic yenye vipele hulia vizuri kama kawaida. Soko la wakusanyaji, hata hivyo, hulipia uhalisi: skrubu, pete na kikazio cha nyaya vilivyotoka kiwandani pamoja. Kuipaka ngoma kromu upya huirembesha na kuipunguzia bei papo hapo. Mwenye nayo na aisafishe kwa kitambaa laini, na kifaa chochote cha zamani atakachobadilisha akihifadhi, akimkabidhi mnunuzi pamoja na ngoma.