Dawa za kuvu

Dawa za kuvu, ambazo wengi huziita dawa za fangasi, huua kuvu iliyoshambulia mwili au huizuia isienee. Hutibu mapunye, choa, fangasi ya kucha na ya ukeni, utando mweupe wa kinywani, na hata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ya kriptokokasi.

Kuvu si bakteria. Seli yake inafanana mno na ya binadamu, ndiyo maana antibiotiki kama amoksilini haiigusi, na ndiyo maana ni vigumu kupata dawa itakayoiua bila kumdhuru mgonjwa. Mwanya mkubwa uko kwenye utando wa seli: wa binadamu una kolesteroli, wa kuvu una ergosteroli. Flukonazoli, klotrimazoli na terbinafini huzuia ergosteroli isitengenezwe. Nistatini na amfoterisini B huishika ile iliyokwisha kutengenezwa, utando ukaharibika. Hata hivyo, kulenga huko si kamilifu: vidonge vya ketokonazoli viliumiza maini ya watu hata mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikashauri visitumike tena kutibu fangasi.

Nistatini ni kazi ya wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walioitangaza mwaka 1950. Waliipata katika vijidudu vya udongo wa shambani huko Virginia, wakaiita kwa jina la Jimbo la New York walikofanyia kazi.

Afrika nayo imechangia. Kriptokokasi huwaua hasa watu wenye UKIMWI uliokithiri. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vijifuko vidogo vya mafuta), pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, inafaa sawa na sindano za amfoterisini B ya kawaida za siku 7, tena kwa madhara machache. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hiyo mwaka huohuo.

Madukani hatari ni krimu zilizochanganywa na steroidi: muwasho hutulia, kuvu ikazidi kutambaa chini yake. Kwa mapunye, hakuna krimu inayofika kwenye shina la unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Aliyenyolewa na kupakwa krimu tu bado hajatibiwa.