Kukabia Juu na Marika ya Nyasa

Tangu tarehe 5 Novemba 2023, siku ambayo Yanga ya kocha Miguel Gamondi, mzaliwa wa Argentina, iliifunga Simba mabao 5 kwa 1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, imeenea dhana kwamba ufundi wa kukabia juu, yaani kumfuata mpinzani hadi langoni kwake na kumpokonya mpira kabla hajainua kichwa, ni bidhaa iliyoshushwa nchini pamoja na makocha wa kigeni. Sina nia ya kumpunja Gamondi haki yake, maana Yanga ile ilipangwa kwa maarifa. Lakini dhana yenyewe haina ithibati.

Habari za ng'ambo zinafahamika: sheria ya kuotea ililegezwa mwaka 1925, mifumo ikageuka, na Viktor Maslov, aliyeipa Dynamo Kyiv ubingwa wa Sovieti mwaka 1966, 1967 na 1968, akawazoeza vijana wake kumzingira mwenye mpira kwa makundi. Hapa kwetu, Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia mjini Dar es Salaam mwaka 1979, kisha ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Na mwenye deni la mabao manne ugenini hana wasaa wa kukaa nyuma akingoja.

Kisha ukaja mwaka 1986, Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Banyambala, wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Wapo wanaolitafsiri jambo hilo kwa baridi na mwinuko wa Rungwe, eti mapafu ya milimani ndiyo yaliyowamaliza watu wa pwani. Hoja hii haisimami: Njombe iko juu kuliko Tukuyu, na hakuna timu ya Njombe iliyopata kuwa bingwa.

Mimi natafuta sababu kwingine, katika kitabu ambacho waandishi wa soka hawakifungui, *Good Company*, alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951, baada ya utafiti alioufanya pamoja na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Tukuyu, katika miaka ya 1930, milimani na kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, ambako leo ni Kyela. Humo hamna habari za mpira, bali za vijiji vya marika: watoto wa kiume, walipopata miaka kumi au kumi na mmoja, walitoka kwa baba zao, wakajijengea vibanda vyao pembeni, wakawa wanaenda kula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, na kundi lilo hilo lilikaa pamoja hadi uzeeni. Aliyependa kujitenga alitiliwa shaka.

Sasa na tutazame uwanjani. Mshambuliaji anapomkimbilia beki mwenye mpira, njia ya pasi ya pembeni hubaki wazi mpaka winga aizibe, na nyuma ya winga hubaki pengo mpaka kiungo apande, na mabeki nao hawana budi kusogea hadi karibu na duara la kati. Mmoja wao akisita, pasi moja ndefu huwaacha wote. Ufundi huu, kabla ya kutaka pumzi, unataka yakini kwamba mwenzako amekwisha ondoka alipo bila kuitwa.

Nitaambiwa kwamba vijiji vile vilikwisha vunjika zamani, na kwamba wachezaji wa 1986 hawakulelewa vibandani. Ni kweli, na ninachokisema ni kisio, si ushahidi. Lakini mazoea ya marika hudumu kuliko kuta za vibanda, na kisio hiki kina uzito kuliko kile cha baridi.

Tena ipo ardhi. Wakati wa masika, mito ya Kiwira na Mbaka inapofurika, viwanja vya Kyela hushika maji, na pasi ya hatua kumi hukwama katika hatua ya nne. Beki hulazimika kuugusa mpira mara mbili, na mguso wa pili humkuta amekwisha fikiwa na vijana watatu wenye matope hadi magotini. Anayengoja nyuma katika uwanja wa namna hiyo hana akipatacho, kwa kuwa mpira haumfikii.